Zulia la Kuazima

Maskati, Jumaatano, 18 Mei 1966

Da Nasriya, niwie radhi. Tangu Idi sijakuandikia, na wewe huko Dubai najua ushafikiri kila la kufikiriwa. Sikukusahau. Kila nikishika kalamu naona la kwanza la kukwambia ni khabari ya Amur, babake Muhsina, basi naiweka kalamu nakwenda kuosha sufuria. Leo nimeishika tena, na nimetafuta daftari zima, kwa sababu najijua, barua ya kukaa kitako sintoimaliza. Nitaandika kidogo kidogo nikipata nafasi, na akitokea msafiri nitampa daftari lote akuletee.

Amur kaumia. Yu hai, kwa hivyo kaa chini usome taratibu.

Ilikuwa mwezi wa Februari, Matrah, wanateremsha mashine kutoka kwenye tishari. Kamba ikakatika, kreti likamkuta kainama. Wewe unamjua Amur wa Unguja, karani wa forodha, kalamu sikioni, suruali imepigwa pasi. Hapa Kiarabu chake cha kuandika hakikutosha, wakampa kazi ya mgongo, na mgongo ndio uliokwenda. Kuanzia kiunoni kushuka chini hana khabari nako. Daktari wa Matrah kasema huenda fahamu ikarudi miguuni, huenda isirudi, na Bara Hindi wako wanaojua zaidi. Lakini kutoka nchini kunataka ruhusa. Ruhusa tumeomba, jibu halijaja. Mwenye kazi alileta gunia la mchele, akakaa mlangoni, akasema ni kadari ya Mungu. Hajarudi. Mchele umekwisha.

Alkhamisi, 19 Mei

Joto. Muhsina anaota meno, anauma kila kitu pamoja na mimi.

Jumaamosi, 21 Mei

Jirani yetu ni Bi Masouda, mjane, mzaliwa wa hapa aliyeolewa Unguja akarudi uzeeni. Kiswahili chake kama cha shangazi zetu, na mdomo wake pia. Simpendi sana. Anaingia bila hodi, anafunua chungu changu, anakifunika, anatoka.

Lakini yeye ndiye aliyenambia khabari ya wakfu. Kuna mashamba ya mitende Sib aliyoyaacha tajiri mmoja zamani. Kila mwaka tende zikivunwa, mazao hugaiwa kwa wasiojiweza. Ukiandikwa jina, unapata mchele, tende, mafuta ya taa na nguo, mwaka mzima. Msimamizi ni Shekhe Sleyum, baraza lake liko Matrah.

Basi leo nimemwachia Bi Masouda mtoto na mgonjwa, nikapanda mashua. Shekhe ni mtu mrefu, mkavu, kakaa Pemba miaka ya ujana, Kiswahili anakijua. Nilisimama mlangoni na baibui langu.

"Mumeo yu hai?" kaniuliza.

"Yu hai, Shekhe. Hawezi kusimama."

"Akili yake?"

"Timamu."

"Basi mwenye haja ni yeye. Mke hamwombei mume aliye hai. Kesho ataniuliza, nani kakwambia uliandike jina langu kwenye sadaka?"

"Hawezi kuja."

"Nitakuja mimi. Nimwone kwa macho yangu, niyasikie kwa kinywa chake."

Nikarudi na furaha yangu mpaka Maskati, na lango la mji bado halijafungwa kwa usiku.

Jumaanne, 24 Mei

Nimemgeuza Amur ubavu wa kushoto, nimemgeuza ubavu wa kulia. Ndiyo khabari ya leo.

Jumaamosi, 4 Juni

Shekhe kaja. Nakuandikia yote kwa sababu nimefurahi, na furaha hapa haiji kila wiki.

Tuliambiwa jana kuwa atakuja baada ya alasiri. Bi Masouda kaingia, kautazama mkeka wetu, akaugusa kwa kidole cha mguu pale palipotoboka.

"Utamkalisha Shekhe hapa?"

"Ndio tulichonacho, Bi Masouda."

"Mwanangu, mgeni wa heshima anakuja nyumba ya kina Amur, aondoke na ukindu umemganda kwenye kanzu? Watu watasema nini? Watasema watu wa Unguja wamekuja hapa na utupu wao."

Akaenda akarudi na zulia lake la Ajemi, jekundu, kalivingirisha, kajitwika kichwani. Akaenda tena akarudi na buli la shaba, vikombe vya kahawa na sinia. Mara ya tatu kaja na jambia la marehemu mumewe, mpini wa pembe, fedha tupu. Halwa katuletea Hamdiya wa nyumba ya pembeni, wajina wangu. Amur alikuwa analitazama jambia kama Muhsina anavyotazama sukari.

"Nivishe," akasema.

Nikamvisha. Kanzu nyeupe, kilemba, udi. Lakini akikaa anaporomoka upande, basi nilimfunga kwa kanga kifuani, chini ya kanzu, ncha nikazifunga kwenye nondo za dirisha nyuma yake. Nikampangia mito. Da Nasriya, ungemwona. Tangu Februari sijamwona mume wangu, nilikuwa namwona mgonjwa tu. Leo nilimwona.

Shekhe kaingia, mimi niko nyuma ya pazia na Bi Masouda. Kama kawaida ya watu wa hapa, khabari huulizwa kwa mpango wake, na mpango hauvunjwi.

"Khabari zenu?"

"Kheri, alhamdulillah."

"Khabari za mwili?"

"Kheri tupu, Shekhe. Hatuna neno."

"Na nyumba?"

"Kheri. Kwa baraka zenu."

Halwa ikaliwa. Kahawa ikanywewa. Wakazungumza mikarafuu ya Pemba mwaka fulani wa mavuno makubwa. Amur kamchekesha mpaka Shekhe akapangusa macho. Akaomba dua ndefu, akaondoka. Lilipofungwa lango la ua, mimi na Bi Masouda tulishikana mikono kama watoto.

"Tumesitirika," akasema Bi Masouda.

Amur alikuwa jasho tupu. Kanga ilikuwa imemkata kifua. Hakusema kama inamuuma.

Jumaanne, 14 Juni

Hatukuandikwa.

Nimekwenda mwenyewe. Shekhe hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Bibi, mumeo nilimuuliza mara tatu," kasema. "Mara tatu kanambia kheri. Nimekaa juu ya zulia ambalo mimi mwenyewe sina. Nikimwandika yeye, nitawaambia nini wanaolalia mchanga?"

"Zulia si letu."

"Na jambia?"

"Si letu."

"Halwa?"

"Tuliletewa."

"Sasa mimi nikuamini wewe, au nimwamini mwenye nyumba?"

Nilitaka kumwambia akamtazame mgongo. Nitasemaje mbele ya wale wanaume waliojipanga barazani? Akanambia Amur amtume mtu wa kuaminika alete neno lake mwenyewe kuwa ana haja, kabla hawajaondoka. Kaidhi imeingia, ule msimu wa joto na tende, Jumaamosi wote wanakwenda Sib kwenye mitende, na baraza halifunguliwi mpaka mavuno yaishe.

Jumaatano, 15 Juni

Tumegombana. Sauti chini, mtoto kalala.

"Nimtume mtu akaseme sina?" kasema Amur. "Baba yangu alikuwa anagawa, hakuwa anagaiwa."

"Baba yako alikuwa na miguu."

Nilijuta, lakini sikurudisha neno. Kasema, "Mtu kaingia ndani ya nyumba yangu, mgeni, nimwombe?"

"Hakuja kula halwa, baba Muhsina. Kaja kuangalia kama tuna chakula."

"Basi kaangalia."

Akageuza uso ukutani, hicho ndicho anachoweza kugeuza peke yake. Mwili uliobaki nikaugeuza mimi.

Jumaapili, 19 Juni

Wamekwenda. Punda, magari, majini kwa mashua, kila mwenye jamaa mwenye mtende kenda kulala kivulini. Hata Hamdiya wa pembeni kenda kwa wajomba zake Barka, kanambia, "Njoo nasi, mtoto apate hewa." Nikamwonesha kitanda tu. Kichochoro kimya, nasikia mpaka paka akikanyaga.

Jumaanne, 28 Juni

Mawe ya nyumba yanatoa usiku moto yaliounywa mchana. Namwagia maji sakafuni, yanakauka kabla sijainuka. Naililia Unguja, mvua yake.

Jumaatatu, 4 Julai

Kidonda. Chini ya kiuno, pale anapolalia. Kwanza kilikuwa wekundu tu kama kovu la pasi.

Jumaamosi, 9 Julai

Nimemkasirikia Bi Masouda leo. Kaja na tende mbivu za kwanza alizopelekewa, nikamwambia, "Zulia lako ndilo lililotunyima chakula." Akasimama na kile kikapu. Akaweka kikapu chini, akatoka bila ya kufunua chungu.

Jumaapili, 10 Julai

Bi Masouda hakuja.

Jumaatatu, 11 Julai

Kaja. Kabeba sufi kwenye doti la kanga, nyeupe, imechambuliwa. Akakaa kitako akashona mto wa duara, katikati uwazi, Amur alalie kidonda kisiguse. Akamaliza akaenda zake, hatukusemezana. Jioni nilimpelekea maji nikaona godoro lake limepasuliwa ubavuni, limekuwa jembamba kama shuka. Nimekaa naye mpaka Muhsina akalia. Nadhani nilikuwa simjui.

Jumaamosi, 23 Julai

Da Nasriya, nimechoka na mikono inanuka dawa, lakini lazima niandike leo.

Tangu Alkhamisi Amur ana homa. Kidonda kimechimbika na kina harufu. Leo asubuhi kaniita kwa jina la mama yake. Hospitali iko Matrah, mashua ziko pwani, na wa kumbeba hakuna. Nimepiga hodi nyumba saba za mtaani, wanaume wao wote wako Sib. Bi Masouda akasema, "Basi sisi si watu?" Akaita Kheiria, yule anayetuletea maji, na binti yake. Tukawa wanawake wanne, mmoja bibi kizee, na Muhsina mgongoni kwangu. Tukamlaza Amur kwenye kitanda cha kamba, tukamfunika shuka kwa sababu ya jua, tukanyanyua.

Tulipotoka tu kichochoroni na kuingia sokoni, watu wakasimama. Muuza vitambaa kaacha kitambaa, kinyozi kaacha kichwa cha mtu nusu. Wameona kitanda, wameona shuka, na wanawake ndio wachukuzi. Wakadhani maiti kakosa watu. Na wewe unajua thawabu ya kubeba jeneza. Wakaja mbio. Mmoja kanisukuma taratibu kando, akaweka bega. Wa pili, wa tatu. Wanapokezana, kila mtu hatua chache, wanataja jina la Mungu, wanakwenda mbio kama inavyotakiwa. Nyuma imekuwa safu. Mimi nakimbia pembeni nasema si maiti, si maiti, na sauti yangu inamezwa.

Ndipo Amur kautoa mkono chini ya shuka, kamshika mtu sikio.

"Pole pole," kasema. "Sijafa bado, na kitanda ni cha kukodi."

Yule mtu alipiga ukelele. Kitanda kikayumba, lakini hawakukiacha. Wakasimama palepale katikati ya njia wanamtazama. Kinyozi, wembe mkononi, akauliza, "Sasa wewe ni nini?"

"Mgonjwa," kasema Amur. "Sina miguu. Nnapelekwa hospitali na mke wangu, na yeye hana nguvu tena."

Kasema mbele ya soko zima. Sauti ya kawaida, kama anayetaja bei.

"Basi twende," kasema kinyozi, na wakambeba mpaka kwenye mashua, na wawili wakapanda naye mpaka Matrah. Thawabu hawakuirudisha.

Daktari kakata nyama iliyooza. Kasema siku mbili zaidi angekuwa maiti kweli.

Alkhamisi, 4 Agosti

Tumerudi nyumbani. Homa imeshuka. Kidonda kinataka kusafishwa asubuhi na jioni, na pamba, na dawa ambayo hospitali imenipa kidogo.

Jumaamosi, 13 Agosti

Muhsina kasema "baba" kisha kamvuta mguu, anataka ainuke. Amur kamwambia, "Mguu huo hausikii, mama, vuta huu mkono."

Jumaanne, 23 Agosti

Jibu la ruhusa limekuja. Hapana. Hatukuelezwa kwa nini.

Alkhamisi, 1 Septemba

Wanaanza kurudi kutoka mashambani, wamenenepa, wana mikono ya kunata. Amur mwenyewe kamwita kinyozi, kamwambia aende kwa Shekhe Sleyum: "Mwambie Amur kasema aje tena." Sikumwomba mimi.

Jumaamosi, 10 Septemba

Shekhe kaja leo.

Asubuhi Bi Masouda alisimama mlangoni, zulia kichwani.

"Leo hapana, Bi Masouda," nikamwambia.

"Hata la kufunika lile tundu?"

"Hata hilo."

Akalitazama zulia, akanitazama mimi. "Nitalia nikimwona anakaa pale," kasema.

"Njoo ulie nyuma ya pazia, tulie pamoja."

Sikumvisha Amur kilemba. Hakukitaka. Sikumfunga dirishani, nimemwacha kalala ubavu, juu ya mto wa sufi, na shuka safi. Kahawa ilikuwepo ya vikombe viwili na nikaipika, kwa sababu kahawa si uongo. Halwa hakuna.

Shekhe kaingia, akautafuta ukuta wa kuegemea, akakaa kwenye mkeka. Akaona tundu. Hakulikwepa.

"Khabari zenu?"

"Kheri, alhamdulillah," kasema Amur.

Bi Masouda kanifinya mkono. Mimi nilikuwa nataka kupasua pazia. Na Shekhe kaendelea, kwa sababu ndivyo yanavyokwenda.

"Khabari za mwili?"

Nilisikia maji yanachemka jikoni.

"Shekhe, kheri ile ni ya salamu," kasema. "Nimeshaitoa, nisije nikakukosea adabu. Sasa ukitaka khabari, ni hii. Siwezi kusimama. Siwezi kukaa bila kufungwa. Siku ile ulipokuja nilikuwa nimefungwa dirishani kwa kanga ya mke wangu. Zulia si langu, na jambia si langu. Nina kidonda, anakisafisha yeye, na mimi namsikia anavyozuia pumzi. Juzi tumekula walichotuletea majirani, na leo hatujui. Jina langu naliomba mwenyewe liandikwe."

Kisha kasema, "Fungua, Shekhe, utazame."

Na Shekhe kainuka, kafunua shuka, katazama. Hakusema mashallah wala hakusema pole. Kafunika vizuri, kalainisha ukingo wa shuka kama mama anavyofanya. Akakaa tena. Ndevu zake zilikuwa zinatikisika.

"Amur, mwanangu," kasema. "Mimi niliogopa kuwadhulumu wenye haja, nimekudhulumu wewe. Lakini sikiliza. Majina husomwa shambani, mbele ya mashahidi, kabla tende hazijatoka. Yameshasomwa. Kila gunia lina mwenyewe mpaka kaidhi nyingine. Sehemu ambayo ingekuwa yenu kapewa bibi kipofu wa Matrah na wajukuu zake. Nikimnyang'anya nitakuwa nimefanya dhuluma mbili."

"Usimnyang'anye," kasema Amur.

"Kaidhi ijayo jina lako ni la kwanza. Naliandika leo hii, na wewe unaniona. Mpaka wakati huo wakfu hauna kitu, na mimi nina cha nyumbani kwangu tu, nitaleta kikapu."

Akanywa kahawa yake. Mtu huyu nilikuwa namwona mkavu kama kuni. Sasa naona kafungwa vilevile kama sisi, yeye kwa amana ya marehemu aliyeyaacha mashamba.

Kaidhi ijayo, Da Nasriya. Mwaka mzima.

Alipoondoka nilikwenda kumgeuza Amur. Nilimuuliza kama kaumia moyo. Kasema, "Kidogo. Si kama nilivyodhani." Kisha akasema, "Leta lile daftari lako. Nani anakwenda Dubai?"

Jumaatatu, 12 Septemba

Thabit, mtoto wa kinyozi, anapanda meli kesho, kapata ruhusa. Daftari analichukua yeye. Kila kilichomo hapa chini Amur kasema kwa kinywa chake, mimi naandika tu, na nilipotaka kupunguza kanikataza. Ukipata vyote, vilete vyote. Ukipata kimoja, leta kimoja, usingoje vitimie.

Pamba ya hospitali, mabunda makubwa, kadiri utakavyoweza.

Bendeji pana, zile zinazofulika.

Dawa ya kidonda. Karatasi ya daktari nimeibana ndani ya jalada, mpe muuza dawa aisome.

Mpira wa kutandika kitandani, wa watu wazima.

Mpira wa ndani wa gurudumu la gari, hata uliozibwa kiraka, tuujaze pumzi alalie.

Mchele, gunia moja, na maharage.

Utambi wa jiko la mafuta.

Sufi ya godoro zima, ya Bi Masouda, usiipunguze.

Viatu vya Muhsina. Urefu wa mguu wake ni uzi mweupe niliouweka ndani ya daftari, ongeza upana wa kidole.

Kiti cha magurudumu. Kiwe kikuukuu, kiwe kimeachwa na maiti, hatujali. Uzi mwekundu ni upana wa mlango wetu, nimeupima mara mbili. Kipime kwa uzi huo kabla hujakichukua, kisiuzidi.